Vidole Vyangu, Pumzi Yake

Mara iliyopita nilimwacha msomaji jikoni kwa Don Leandro Montoro: mimi nimekaa, mkewe Doña Pura amesimama, na kati yetu kikombe cha chokoleti ambacho hakuna aliyekigusa.

Kwa anayenikuta leo, mimi ni Casilda Berenguel wa Almería. Napiga gitaa, lile la kwenye kumbi kubwa, ambako watu wanakaa kimya na kukohoa kwa adabu. Mama yangu alipanga nyanya kwenye maboksi miaka ishirini ili mimi nisome muziki. Nikiwa na miaka thelathini na moja niliingia mashindano ya taifa nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa Hilario, mpwa wa Don Leandro. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Don Leandro.

Baadaye mzee akanichukua niwe mwanafunzi wake. Kwa huruma, alisema. Nikambebea sanduku la gitaa mwaka mzima, na humo ndimo nilimoigundua siri yake. Kila akianza kupiga, kidole cha pete cha mkono wake wa kulia kilijikunja chenyewe na kujificha kiganjani. Hakikuuma. Hakikuvimba. Kilikataa tu. Kwa miaka mitatu alikuwa akiahirisha maonyesho na kusingizia mgongo.

Ndipo Doña Pura akaniita jikoni.

"Leandro amebakiza santuri moja kwenye mkataba," alisema. "Ataipiga Oktoba."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa wako."

Alilisema hilo kama mtu anayeazima ngazi kwa jirani.

"Na jina juu ya santuri?"

"Jina lake, mwanangu. Nani atanunua santuri yenye jina lako?"

Akaendelea. Machi nitapata ukumbi mkubwa Madrid, onyesho langu peke yangu, na wahakiki wote wataalikwa. Don Leandro ataandika barua ya kunitambulisha, kwa mkono wake.

"Mkono upi?" nikauliza.

Hakucheka. Mwanamke yule hakuwahi kucheka kitu alichokuwa hajakipanga mwenyewe.

Wasomaji wawili wameniandikia kunipa pole, wakisema nilionewa kwa sababu nilikuwa sina mtetezi. Pole hizo nazirudisha. Nilikubali siku ile ile, kabla sijainuka kwenye kiti. Sikumwonea mzee huruma hata kidogo. Nilitaka Madrid.

*

Tulirekodi katika kanisa la watawa lililofungwa, kijijini, juu milimani, mahali ambapo hata mbwa hawabweki. Tulikuwa wanne. Mimi, Don Leandro, Anselmo, fundi wa mitambo, mtu wa maneno machache, na Hilario, aliyekuja kuendesha gari na kukaanga mayai.

Bingwa wa taifa, miaka thelathini, nywele tatu amezilaza juu ya upara. Nilikuwa sipitwi na nafasi ya kumchoma.

"Bingwa," nilimwambia mezani, "chumvi iko wapi?"

"Kwenye mfuko wa kushoto, dada."

"Na hiyo ulishindania peke yako, au mjomba alikuwepo?"

"Alikuwepo," akajibu, akanisogezea chumvi.

Ndivyo alivyokuwa. Unamtemea, yeye anajifuta. Niliona ni udhaifu, na udhaifu ulinichefua.

Siku ya kwanza Don Leandro alinishika mkono wa kulia akaupeleka dirishani kwenye mwanga.

"Kucha za mshona nguo," akasema.

Akatoa kipande cha msasa laini, akazisugua kucha zangu moja moja mpaka zikawa na umbo la zake. Kisha akanipa gitaa lake. Nikapiga vipande vitatu. Anselmo akavua visikilizio masikioni, akakuna shingo.

"Mwalimu, mkono ni sawa. Ila hakuna mtu anayepumua."

Hapo inabidi nieleze. Don Leandro alikuwa akipumua. Kabla ya kila sentensi ya muziki alivuta pumzi puani, kwa nguvu, kama mtu anayenusa supu, na santuri zake zote thelathini zina mvuto huo. Wapenzi wa muziki wake walimjua kwa mvuto huo. Kuna mwanamke mmoja alimwandikia barua kuwa huweka santuri ili asikie pumzi tu.

Basi kikaletwa kiti, kikawekwa nyuma ya bega langu. Siku nne nilipiga gitaa huku mzee wa miaka sitini na minne akinipumulia sikioni, vitunguu saumu na sigara.

Na hata hilo hakuliweza.

"Mwalimu, umepumua mapema," nikasema.

"Wewe ndiye umechelewa."

"Ni nusu mpigo, Mwalimu," akasema Anselmo kutoka pembeni.

"Basi na yeye awahi," akasema Don Leandro.

Nikawa napiga muziki nikisubiri pua ya mtu.

Siku ya tatu tulifika kwenye ukurasa wa polepole. Ni ukurasa mmoja tu, ulitungwa na padri wa zamani ambaye hakuna anayejua hata alizikwa wapi. Don Leandro siku zote aliupita mbio. Aliuita ukurasa wa kupumzishia vidole. Mimi niliupenda tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kumwambia mtu.

Nikaupiga nilivyoutaka. Nikauachia kila sauti iende mpaka ukutani na kurudi. Kabla ya noti ya mwisho nikasimama. Nikasubiri mpaka kanisa lote likanyamaza, kisha ndipo nikaigusa.

Nyuma ya bega langu hakukuwa na pumzi. Mzee alikuwa amesahau kazi yake.

"Huyo si mimi," akasema. "Rudia."

Nikarudia kwa namna yake, mbio mbio, na pumzi zake zote mahali pake. Anselmo akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilipotoka nje Hilario alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa akimenya chungwa.

"Casilda, pale kabla ya noti ya mwisho, unasubiri nini?"

"Nasubiri watu kama wewe watoke."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

*

Santuri ilitoka Januari. Niliisikia kwa mwoka mikate, redioni, nimeshika mkate mkononi. Ukurasa wa polepole ulianza, nami nikajua mara moja. Ulikuwa wangu. Anselmo alikuwa amelitupa toleo la pili, akaweka la kwanza, na pumzi za mzee akazibandika juu kwa mkasi na gundi ya mkanda.

"Huyu Montoro," mwoka mikate akasema, "kazeeka vizuri."

Mhakiki Fermín Ulloa, ambaye neno lake huko Madrid lilikuwa likiweza kumjazia mtu ukumbi au kumfungia, aliandika hivi: "Baada ya miaka arobaini, Montoro amejua kusubiri. Katika ukurasa ule mmoja amewaacha wapigaji wote walio hai."

Niliikata habari ile nikaiweka ndani ya pochi. Nilikuwa naisoma chooni. Nilijiona mjanja. Nilijiambia: wacha Machi ifike.

Machi ikafika. Doña Pura alitimiza neno lake, barua, ukumbi, wahakiki, kila kitu. Nilipiga saa moja na nusu. Mwishoni, nje ya orodha, nikapiga ukurasa wa polepole vilevile nilivyoupiga kanisani. Nilimwona Ulloa safu ya pili akiinua kichwa. Nikasema moyoni: sasa amesikia. Sasa amejua.

Siku mbili baadaye nilikuwa kwa mama. Alikuwa amekaanga makombo ya mkate na vitunguu saumu na dagaa, kama kila Jumapili ya mvua. Alivaa miwani akafungua gazeti. Hakuwa mtu wa kusoma haraka.

"'Binti Berenguel,'" akasoma, "'amemmeza mwalimu wake mzima mzima. Hata ile subira ya ajabu ya Montoro katika ukurasa wa polepole ameichukua kama ilivyo. Kuiga kwa heshima ni kuiga. Huku ni kuiba.'"

Akaliweka gazeti chini.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Umeiba?"

"Mama, ile santuri ni mimi. Mwanzo mpaka mwisho. Mzee mkono wake umekufa."

Nikamwambia yote. Akasikiliza bila kunikatiza, akikunja gazeti mara mbili, mara nne, mara nane.

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna."

"Basi kula. Dagaa wanapoa."

Sikula. Nilimdharau kwa kutolia pamoja nami. Ndivyo nilivyokuwa siku zile, nilikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, hata aliyeninunulia gitaa la kwanza.

Kufikia Aprili kumbi mbili zilikuwa zimefuta maonyesho yangu. Ya tatu iliuliza kama ninaweza kupiga vitu ambavyo "havijahusishwa na Maestro Montoro".

*

Nikaenda kwake. Nilimkuta sebuleni, anatia sahihi kwenye majalada ya santuri, rundo zima, huku Hilario akimsogezea moja baada ya jingine na kukausha sahihi kwa karatasi ya wino.

"Mwalimu," nikasema, "Ulloa ananiita mwizi."

"Nimesoma. Amezidisha. Mwanafunzi lazima amwige mwalimu, wewe ni kijana bado."

"Nimwige nani? Ile ni mimi."

Akainua kalamu.

"Casilda, mimi nilikuwepo pale. Nilikuwa kwenye kiti. Kila mtu anasikia pumzi yangu."

"Pumzi yako imebandikwa."

"Ile subira ilikuwa wazo langu."

"Ulisema, 'Huyo si mimi.' Anselmo alisikia. Na huyu hapa alisikia kwenye ngazi."

Hilario aliangalia karatasi ya wino.

"Nilisema hivyo, ndiyo," akajibu Don Leandro, kwa upole kabisa. "Nilikuwa nimejipita."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Uongo ningeuweza. Lakini mzee alikuwa anaamini. Alikuwa ameisikiliza santuri ile mara nyingi mno, pua yake juu na vidole vyangu chini, mpaka vidole navyo akaviona vyake.

Nikamwambia kwamba yeye ni kupe. Nikamwambia Hilario kwamba yeye ni mtumbwi wa kupe, na sijui hata hilo lilimaanisha nini, lakini nililisema. Kalamu ikaendelea kukwaruza.

Doña Pura akanisindikiza mlangoni.

"Juni mji unampa nishani," akasema kwa sauti ya chini. "Wameomba apige ule ukurasa jukwaani. Mmoja tu."

"Ataugua mgongo."

"Amekubali."

"Atapiga na nini?"

"Nimemwuliza. Anasema nisijali."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mwanamke yule ana hofu. Nikateremka ngazi zile mbili mbili, nimefurahi kama mtu aliyealikwa harusini.

Nikashona gauni. Mama akaniuliza ni la nini.

"La kumwona mtu akianguka," nikasema.

*

Sherehe ilikuwa saa sita mchana, kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza wa mji wetu. Joto la Juni, wanawake wanajipepea, meya anasoma hotuba ambayo ni wazi hakuiandika. Nilikaa safu ya tano, ukingoni mwa njia. Ulloa alikuwa ametoka Madrid kwa treni na alikuwa mbele yangu, shingo nyekundu. Doña Pura na Hilario walikuwa safu ya kwanza. Anselmo alikuwa nyuma, kwenye mitambo ya sauti.

Wakamvika mzee nishani. Akakaa. Akaweka gitaa pajani. Akainua mkono wa kulia.

Kutoka safu ya tano niliona kidole kikijikunja.

Akauteremsha mkono. Nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo wangu mwenyewe kwa raha. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akaomba maikrofoni.

"Ndugu zangu," akasema, "mkono huu ni mgonjwa. Ni mwaka wa nne sasa. Sitapiga leo, na sitapiga tena."

Mtu mmoja akashusha pumzi. Wanawake wakaacha kujipepea.

"Santuri mliyoipenda sikuipiga mimi. Nimewadanganya, na nishani hii sistahili. Aliyepiga yumo humu ndani."

Naapa kwa mama yangu, miguu yangu ilikuwa imekwisha kusimama. Nilikuwa nalinyoosha gauni. Miezi yote ile ya kumdharau ilinitoka, nikawa tayari kumsamehe mbele ya watu mia sita.

"Ni damu yangu," akasema Don Leandro. "Hilario, njoo juu, mwanangu."

Makofi yalianzia mbele yakaja nyuma. Ulloa alisimama wa kwanza. Hilario hakuinuka. Nikamwona Doña Pura akimsukuma kwa kiwiko, mara moja, mara mbili, mpaka akapanda ngazi akiwa ameinamisha kichwa, upara unang'aa kwa taa.

Niligeuka nyuma kumtafuta Anselmo. Yeye alijua. Yeye alikuwa na mikanda yote. Alikuwa ameinama chini ya meza, akitafuta waya ambao haukupotea.

Nikaanza kutembea. Nilikuwa kwenye njia, nikielekea jukwaani, na neno langu mdomoni. Lakini makofi yalikuwa hayajaisha, na mzee alikuwa amekwisha kumpa Hilario gitaa. Nikajiambia: ngoja kwanza. Mwache apige. Atakimbia kama mjomba wake, na Ulloa atasikia mwenyewe, kisha ndipo nitakaposema. Nikasimama kwenye ngazi ya kwanza ya jukwaa, mguu mmoja juu.

Hilario akaanza.

Hakukimbia.

Alipiga taratibu, bila kumtazama mtu, kama yuko jikoni peke yake. Kila sauti aliiacha iende. Ilikuwa njia yangu, hatua kwa hatua, aliyoisikia kutoka kwenye ngazi za kanisa. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho mimi sikuwahi kukiweka. Mimi nilikuwa nikiupiga ukurasa ule ili watu wajue ni mimi. Yeye hakuonekana kutaka kujulikana.

Alipofika kabla ya noti ya mwisho, akasimama. Akasubiri. Akasubiri kupita pale ninaposubiri mimi, kupita mahali ambapo sijawahi kuthubutu, mpaka nikadhani amesahau. Ndipo akaigusa.

Nimeupiga ukurasa ule pengine mara elfu. Sijawahi kuupiga hivyo. Ni maneno machungu kuyaandika, na nimeyaandika.

Watu hawakupiga makofi mara moja. Katika ukimya ule Don Leandro akaniona pale kwenye ngazi.

"Huyu ni mwanafunzi wangu Casilda," akasema, ametabasamu. "Amekuja kumpongeza mwenzake. Mpeni maikrofoni."

Meya mwenyewe akanishikisha. Nikamaliza ngazi zilizobaki. Hilario akainuka kwenye kiti akanijia karibu, mgongo kwa watu, na kunong'ona ili asisikike.

"Sema ukweli, dada. Nitakuunga mkono. Nilikataa, wamenilazimisha. Sema, nami nitasema baada yako."

Na akaninyooshea gitaa, ili niwathibitishie.

Hapo ndipo nilipoelewa nilipofika. Kama ningesema ukweli, ningelazimika kukaa kwenye kile kiti na kuupiga ukurasa ule ule, mbele ya Ulloa, baada yake. Kama ningenyamaza, ningeshuka ngazi nikiwa mwizi maisha yangu yote.

Watu mia sita walikuwa wananitazama. Hilario alikuwa bado ameninyooshea gitaa.

Nikaileta maikrofoni mdomoni nikasema neno moja: "Mimi." Doña Pura akainuka kwenye safu ya kwanza, na mzee akageuka kunitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.